Milima Mifupi ya Kyoto

Mji wa Kyoto umezungukwa na milima pande tatu, mashariki, kaskazini na magharibi, na upande wa kusini umeachwa wazi kama mlango wa ua. Milima yenyewe si mirefu. Atago, ulio mkubwa kuliko yote inayouzunguka mji, una mita 924. Hiei una mita 848. Daimonji, ambao kila mwenyeji anaujua kwa umbo na kwa jina, una mita 465 tu. Na Ogura, ambao hakuna msomaji wa mashairi ya Kijapani asiyewahi kukutana nao, haufiki hata mita 300. Mwenye afya yake huupanda mmojawapo asubuhi na akarudi mjini kabla ya chakula cha mchana. Mbele ya wale wanaokwenda kutafuta theluji na hatari, hivi ni vilima. Hata hivyo, sidhani kama kuna milima mingine mingi duniani iliyotajwa katika ushairi kwa muda mrefu, na kwa wingi, kama hii.

Mfalme Kanmu aliuhamishia hapo mji wake mkuu mwaka 794, na wafalme wakakaa hapo zaidi ya miaka elfu moja, mpaka karne ya 19 walipohamia Tokyo. Katika muda wote huo kila jua lililochomoza lilichomoza juu ya Higashiyama, yaani Milima ya Mashariki, na kila lililotua lilitua nyuma ya Nishiyama, Milima ya Magharibi. Hata leo, katika eneo lote la utawala wa mji huo, karibu robo tatu ni misitu. Watu wa baraza la mfalme, ambao aghalabu walikuwa washairi kwa malezi na kwa lazima, hawakuhitaji kusafiri ili waione milima. Waliiona kila wafunguapo dirisha.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao Wajapani wanauita utamakura. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili, shairi na mto. Mto wa kulalia kichwa, si mto wa maji. Utamakura ni jina la mahali ambalo shairi huliegemea. Waka, shairi la asili la Kijapani, lina mizani 31 tu, zilizopangwa katika vipande vitano vya 5, 7, 5, 7 na 7. Sisi wa pwani, tuliolelewa katika kuhesabu mizani, tunafahamu vyema jinsi nafasi ilivyo ghali ndani ya mshororo. Na hapa shairi zima linaingia katika nafasi ambayo utenzi wetu huitumia kwa ubeti mmoja tu. Kwa hiyo jina la mlima lilipaswa kubeba mzigo. Akitajwa mlima fulani, msikilizaji alijua ni majira gani, ni mnyama gani analia, na ni huzuni ya namna gani inayokusudiwa. Mshairi alitaja jina, na mashairi yaliyotangulia yakamalizia yaliyobaki.

Tuuchukue huo Ogura. Uko magharibi ya mji, ukingoni mwa mto unaotoka bondeni mwa Hozu, ukitazamana na Arashiyama ng'ambo ya pili. Fujiwara no Teika (1162–1241), bingwa wa ushairi wa zama zake, alikuwa na nyumba ya mapumziko katika sehemu hiyo. Mwaka 1235, kwa maombi ya mkwewe aliyekuwa amekwisha kuwa mtawa, aliteua mashairi ya kupamba milango ya karatasi ya nyumba ya mkwe huyo, naye mwenyewe ameliandika jambo hilo katika shajara yake. Kutokana na kazi hiyo ikatokea diwani ya washairi mia, kila mmoja shairi moja, ambayo hadi leo huitwa kwa jina la mlima: Ogura Hyakunin Isshu. Baadaye mashairi hayo yaligeuzwa karata za mchezo. Katika nyumba nyingi za Kijapani, siku za mwaka mpya, mtu mmoja husoma mwanzo wa shairi na wengine hugombea kuinyakua karata yenye mwisho wake. Ni mashairi mangapi mengine duniani yenye umri wa miaka 800 ambayo watoto huyapigania kwa mikono?

Mfasiri anapofika Ogura hukwama. Masikioni mwa Mjapani jina hilo lina sauti ya neno la kale lenye maana ya giza jepesi, utusitusi wa chini ya miti, na washairi hawakuacha kuichezea jinasi hiyo. Humo ndani mna kilio cha paa dume wakati wa machweo. Mna majani ya miti ya momiji yanayogeuka mekundu mwezi wa Novemba. Shairi la 26 katika diwani ya Teika, la Fujiwara no Tadahira, linayaomba majani hayo yasianguke kwanza, mfalme apate kuja kuyaona. Ukiandika kwa Kiswahili "Mlima Ogura" na kuishia hapo, umetaja kilima cha mita 296 na hukusema kitu. Ukiandika "Mlima wa Utusitusi" umesema kitu, lakini umeufuta mlima kwenye ramani. Wengine hujaza maelezo chini ya ukurasa, na shairi la mizani 31 linaburuta mkia wa maneno 200. Mimi, kila nilipojaribu, nimeona afadhali kuliacha jina kama lilivyo na kulipenyeza giza karibu yake, katika neno jingine la mshororo uleule. Sidai kwamba hiyo ni dawa. Baadhi ya milima haisafiri.

Lakini milima ya Kyoto haikuwa ya washairi peke yao. Hiei, upande wa kaskazini-mashariki, ulitangulia kuliko mji wenyewe. Mtawa Saicho alijenga kibanda chake cha ibada huko mwaka 788, miaka sita kabla ya Kanmu kuhamia, na kibanda hicho kikakua kuwa Enryaku-ji, moja ya vituo vikuu vya elimu ya dini ya Budha nchini Japani. Waanzilishi wa madhehebu makubwa yaliyofuata, Honen, Shinran, Eisai, Dogen na Nichiren, wote walipata kusoma huko kabla ya kila mmoja kushika njia yake. Kwa itikadi za zama hizo, kaskazini-mashariki ndiko yaliko malango ya mashetani, na hekalu lililoko huko lilihesabiwa kuwa ni ngao ya mji.

Ngao hiyo nayo iligeuka upanga. Watawa wa Hiei walijipatia silaha, wakawa wakiteremka mjini kudai haki zao, za kweli na za kubuni. Inasimuliwa kwamba Mfalme Shirakawa (1053–1129) alilalama kuwa mambo matatu hayakumtii: mafuriko ya mto Kamo, kete za bahati nasibu, na watawa wa mlimani. Njia waliyoitumia, Kirarazaka, bado ipo. Inaanzia karibu na bustani ya kifalme ya Shugakuin, nayo imechimbika kwa nyayo na kwa mvua hata mahali fulani ukingo wake unampita mtu kimo. Mwaka 1571 Oda Nobunaga, aliyekuwa akiiunganisha nchi kwa nguvu, aliuzingira mlima kwa kuwa watawa waliwapa hifadhi maadui zake, akauchoma moto. Kumbukumbu za zama hizo zinataja maelfu waliouawa, watawa na wasiokuwa watawa. Ukumbi mkuu uliopo leo ulijengwa upya na kumalizika mwaka 1642. Ndani yake kuna taa ambazo husemwa hazijapata kuzimika tangu siku za Saicho. Na ukiuliza ilikuwaje mwaka 1571, utaambiwa kwamba moto wake ulikuwa umekwisha kugawiwa kwa hekalu jingine la mbali kaskazini, na kutoka huko ukarudishwa.

Juu ya mlima huohuo ipo ibada ya kutembea. Mtawa anayeichagua hutembea siku 1,000 katika muda wa miaka saba. Hapo mwanzo ni kama kilomita 30 kila siku, akianza usiku wa manane, na viatu vyake vya majani makavu ya mpunga, akisimama kuomba mbele ya mawe, miti na chemchemi. Katikati yake kuna siku tisa za kukaa bila chakula, bila maji, bila usingizi, na bila kulaza ubavu. Mwaka wa mwisho njia yake hushuka mpaka mjini na kurefuka hadi kilomita 84 kwa siku. Kwa desturi hubeba kisu na kamba, kuonyesha kwamba akishindwa atajiua. Wachache mno ndio waliopata kuimaliza. Ninalolitafakari katika habari hii si ule ukali wake. Ni kwamba mtu huyo anaujua mlima jiwe kwa jiwe, kwa namna ambayo mshairi aliyeutazama kutoka dirishani hakuweza kuujua. Na tusisahau kwamba hadi mwaka 1872, serikali ilipoondoa katazo hilo, mwanamke hakuruhusiwa kupanda huko hata kwa mguu mmoja.

Tuvuke mji sasa twende magharibi, kwa kuwa kisa cha Nobunaga kiliishia kwa mlima mwingine. Atago ni mlima wa kinga ya moto. Juu yake kuna hekalu la Kishinto, na hirizi yake ya karatasi, yenye maneno ya kutahadharisha moto, hubandikwa majikoni mwa Kyoto, majumbani na katika mikahawa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti watu hupanda kwa taa, kwani atakayezuru usiku huo huhesabiwa thawabu ya ziara 1,000. Mtoto apandishwaye kabla ya kutimiza miaka mitatu, wanasema, hatadhuriwa na moto maishani mwake.

Mwaka 1582 jemadari wa Nobunaga aitwaye Akechi Mitsuhide, ambaye naye alishiriki katika kuuchoma Hiei, alipanda Atago kuomba dua kabla ya kwenda vitani. Akakaa huko na kikundi cha washairi kutunga renga, yaani ushairi wa kupokezana: mmoja hutoa kipande cha mizani 17, mwingine humjibu kwa 14, wa tatu huendeleza, mpaka vitimie vipande 100. Watu wetu waliozoea kujibizana kwa mashairi wangejisikia nyumbani. Kipande cha kwanza kilikuwa cha Mitsuhide, nacho kilianza kwa neno toki, lenye maana ya wakati. Lakini Toki pia ni jina la ukoo ambao Mitsuhide alinasibishwa nao. Siku chache baadaye aliligeuza jeshi lake, akamvamia Nobunaga aliyekuwa amelala katika hekalu la Honno-ji, na Nobunaga akafa ndani ya moto. Inasimuliwa kwamba Toyotomi Hideyoshi, aliyemshinda Mitsuhide na kushika madaraka, alimwita Satomura Joha, bingwa wa renga aliyehudhuria kikao kile, akamhoji iwapo hakulitambua fumbo. Je, lilikuwa fumbo kweli, au wasomaji ndio waliolitia baada ya tukio? Wataalamu wangali wakishindana. Mtu yeyote aliyepata kutunga fumbo, akaona linafasiriwa kinyume na alivyokusudia, atamwonea Joha huruma.

Hapa sina budi kuwaleta watu ambao mashairi ya baraza la mfalme hayakuwapa nafasi kubwa. Mji wenye watu laki kadhaa ulipika, ukaota moto na kuoka vyungu vyake kwa kuni, na kuni zilitoka milimani. Wanawake wa kijiji cha Ohara, bondeni kaskazini ya Hiei, walishuka mjini na matita ya kuni na makaa kichwani, wakizunguka mitaani na kuuza. Washairi na wachoraji waliwapenda kwa mavazi yao. Uzito wa tita ni habari nyingine. Karne kwa karne watu walikata matawi na kukwangua majani makavu ya kutilia mashamba mbolea, hata udongo wa milima iliyo karibu na mji ukawa fukara. Na msonobari mwekundu hupenda hasa hali hiyo: jua jingi na udongo dhaifu. Kwa hiyo misonobari ile ya Higashiyama ambayo michoro ya zamani inatuonyesha, myembamba, iliyopinda, yenye anga katikati yake, ilikuwa kazi ya shoka. Mandhari tuliyoizoea kuiita ya maumbile ililimwa, kama shamba linavyolimwa, na watu ambao hawakujua kuwa wanalima uzuri.

Ushahidi ulikuja walipoacha. Arashiyama, ambao jina lake ni mlima wa dhoruba, ulikuwa milki ya hekalu la Tenryu-ji mpaka serikali mpya ilipotwaa ardhi za mahekalu mwaka 1871. Serikali ikakataza kukata miti, kwa nia ya kuulinda uzuri wake. Na micheri yake mashuhuri, pamoja na misonobari, ikaanza kufifia kivulini mwa miti mingine iliyoota kwa uhuru. Ikabidi maofisa wajifunze upya kutumia shoka. Kisha, baada ya miaka ya 1950, majiko ya gesi na ya mafuta yakaingia kila nyumba. Hapakuwa tena na mtu mwenye haja ya kuni. Udongo ukanenepa, miti ya majani mapana isiyopukutisha ikatanda, na msonobari uliobaki ukapatwa na maradhi: mnyoo mdogo mno uliotoka Amerika ya Kaskazini, unaobebwa na mbawakawa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mti ulioambukizwa hukauka ndani ya msimu mmoja. Anayepanda Higashiyama leo hutembea chini ya kivuli kizito ambacho washairi wa zamani wasingekitambua.

Kupanda kwa ajili ya kupanda tu, bila dua na bila kuni, kulikuja katika karne ya 20. Milima ya Kaskazini, Kitayama, iliwafundisha kazi hiyo vijana wa shule za Kyoto, mmoja wao Imanishi Kinji (1902–1992), aliyezaliwa katika mtaa wa wafumaji hariri. Alianza na vilima vya nyumbani, akawa mwanasayansi wa viumbe, na mwaka 1958 alifika Afrika pamoja na mwanafunzi wake Itani Junichiro kutafuta mahali pa kuwachunguza nyani wakubwa. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1965 kijana mwingine wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Nishida Toshisada, alianza kuwafuatilia sokwe mtu katika milima ya Mahale, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Uchunguzi huo umeendelea zaidi ya nusu karne, na milima hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Tanzania mwaka 1985. Njia ya kufika Mahale ilianzia Kitayama.

Kwa mtembezi wa kawaida ipo leo njia iliyowekewa alama, yenye urefu wa kilomita 80 na ushei, inayouzunguka mji kuanzia Fushimi Inari, mahali pa malango mekundu maelfu, kupitia Hiei na Kitayama hadi Arashiyama. Kwamba bado kuna kitu cha kutazama njiani ni jambo lililopiganiwa. Mwaka 1964 palitokea mpango wa kujenga hoteli Narabigaoka, vilima vitatu vidogo ambako inasemekana mwandishi Yoshida Kenko aliishi katika karne ya 14. Ghasia zilizozuka huko, na nyingine kama hizo katika mji wa Kamakura, ndizo zilizozaa sheria ya mwaka 1966 ya kuhifadhi mandhari ya miji mikuu ya kale. Mwaka 2007 mji wa Kyoto ulikwenda mbali zaidi: ulipunguza kimo cha majengo ya katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31, na ukaorodhesha mahali ambapo jengo halitaruhusiwa kumzuia mtu kuuona mlima. Mojawapo ni ukingo wa mto Kamo, mahali unapoonekana Daimonji.

Daimonji umechorwa herufi ubavuni. Ni herufi ya Kichina yenye maana ya "kubwa", michirizi mitatu ya mita 80, 160 na 120, iliyopangwa kwa meko 75. Saa mbili ya usiku, tarehe 16 Agosti, meko hayo huwashwa kuziaga roho za wafu waliokuja kuwatembelea jamaa zao, na milima mingine minne hufuatia kwa alama zake. Kazi hiyo hushikwa na familia za chini ya mlima, baba hadi mwana, na kuni zake kwa desturi ni za msonobari mwekundu. Basi mji ambao hauhitaji tena kuni kwa kupikia bado unazihitaji kwa usiku mmoja, na usiku huo misonobari ya kutosha imekuwa shida kuipata. Watunza moto huikagua miti yao, huondoa yenye maradhi na kupanda miche.

Mwaka 1943, vita vilipozuia mioto, watoto wa shule na wakazi walipanda wakiwa na mashati meupe, wakasimama asubuhi kwenye michirizi, na herufi ikaonekana kwa miili yao. Mwaka 2011, baada ya tsunami ya Machi kuung'oa msitu wa misonobari wa ufukweni kule Rikuzentakata, watu wa huko waliandika majina na maneno ya wafu wao kwenye vipande zaidi ya 300 vya kuni, ili vichomwe Daimonji. Baadhi ya wakazi wa Kyoto walihofia mnunurisho wa Fukushima. Kuni zikapimwa, hazikuonekana na kitu, na hata hivyo zikakataliwa. Zilichomwa hukohuko kwao, tarehe 8 Agosti. Malalamiko yakafurika, Kyoto ikaomba kuni nyingine 500, na safari hii maganda yake yakaonekana na chembe za cesiamu, mpango ukafutwa. Hoja za kila upande nimezisoma, na bado naona kwamba wale 300 wa kwanza walidhulumiwa usiku wao.

Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, watunza moto walipunguza watu mlimani. Kati ya meko 75 waliwasha sita tu, katikati na kwenye ncha za michirizi. Na mwaka 2021 wakafanya vivyo hivyo. Mtu asiyekuwa mwenyeji, aliyesimama penye mto Kamo usiku huo, aliona nukta sita za moto gizani. Wenyeji walifumba mikono wakaisoma herufi. Agosti ya mwaka 2022 yaliwashwa yote 75.